Chumba cha Watu Wawili

Rotterdam, 9 Septemba 2013

Kwako Shangazi Truida,

Nakusalimu wewe na Mjomba Berend. Huku tu wazima. Goti la Baba limepona, kwa hiyo sasa hana la kulalamikia ila serikali na bei ya maegesho. Mimi nimehama chumba. Dirisha langu linatazama reli, na treni ya kwanza ndiyo inayoniamsha. Kifua cha Mjomba kinaendeleaje? Wakati wa kiangazi mlisema ni vumbi la nyasi, nami nikanyamaza kwa sababu mlinikodolea macho wote wawili.

Sasa usicheke. Nakuandikia kwa sababu nimepewa kazi ya shule. Mwaka huu wa mwisho chuo kimeamua kwamba sisi wahandisi wa maji tunajua kupiga hesabu lakini hatujui kuongea na binadamu. Wametuchanganya na wanafunzi wa saikolojia, sheria na historia, tunakaa meza moja, na kila kundi linapewa kazi ya kweli kutoka bodi ya maji. Mwalimu wetu, Bi. Verhoeff, zamani alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Anatufundisha kujieleza mbele ya mwajiri kwa dakika moja, kumsikiliza mtu bila kumkatiza, na kuandika barua kwa mkono. Kila mmoja achague ndugu asiye mhandisi amweleze kazi yake mpaka aelewe. Nimekuchagua wewe, maana simu huipendi, na kompyuta unaiita lile dude.

Basi naanza. Zamani mto ulipojaa tulinyanyua tuta. Tukanyanyua tena, na mto nao ukazidi kupanda. Siku hizi tunabomoa tuta la zamani na kujenga jingine nyuma zaidi, ili mto ukijaa upate mahali pa kutandaza maji yake bila kuua mtu. Umenielewa? Sema kweli, maana Bi. Verhoeff atauliza.

Wako, Jorinde


Zelmerwaard, 22 Septemba 2013

Jorinde mwanangu,

Kumbe mimi ni kazi ya shule! Haidhuru, baba yako ameniita mabaya zaidi. Na wewe ndiye unayefundishwa kuongea? Ulipokuwa na miaka sita Berend alikuwa anakuhonga peremende ili unyamaze taarifa ya habari iishe. Mwambie huyo mwigizaji wako amechelewa, angekuja na dawa ya kukufunga mdomo.

Sisi tupo. Mapeasi mwaka huu ni mengi, nimeyapika na mdalasini na kuyatia kwenye chupa mpaka rafu imepinda. Berend anakohoa kidogo. Ngazi ameziacha, kwa hiyo amejitengenezea kitanda huku chini karibu na jiko, kwa mbao za ghalani. Ametumia wiki nzima na hataki mtu amsifu, ila usipomsifu ananuna.

Habari ya tuta nimeielewa, na umeieleza vizuri. Lakini hapo mto unapotandaza maji yake pana watu, na hao watu ni sisi. Miaka saba tunaambiwa michoro ni miwili. Mmoja unapitisha tuta jipya mbele ya mlango wetu, tunabaki nyuma yake salama. Mwingine unalipitisha nyuma ya ghala, na nyumba inaachiwa mto. Wanasema wataamua majira haya ya baridi. Walisema hivyo mwaka juzi pia.

Nakwambia jambo ambalo baba yako hajui. De Linde, ile nyumba ya wazee pale Zelmen, wametupatia chumba cha watu wawili. Vyumba vyao vyote ni vya mtu mmoja mmoja, cha wawili ni hicho tu, na waliokuwa ndani wamefariki. Wanataka jibu kabla Novemba haijaisha. Berend hataki hata kusikia jina la De Linde. Anasema alizaliwa nyumba hii na atatolewa humu miguu ikitangulia. Mimi nasema tusubiri. Ningejua tuta litapita wapi, ningejua la kufanya.

Shangazi yako, Truida


Rotterdam, 11 Oktoba 2013

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi. Mapeasi niwekee chupa mbili, Baba usimwambie. Msifu Mjomba kwa niaba yangu, lakini taratibu, asivimbe kichwa.

Nina habari. Kundi letu tumepangiwa mto wenu. Nilikwenda kwa Bi. Verhoeff kuomba nibadilishiwe, maana nina ndugu huko. Akaniuliza, "Wewe unaogopa kuwafahamu watu unaowafanyia kazi?" Basi tarehe 24 nitakuja na Tjalling, yule wa saikolojia. Inaitwa ziara ya kusikiliza. Tunapita nyumba zote za polda, humo bondeni nyuma ya tuta la zamani, tunakaa jikoni, tunauliza, tunaandika. Hatuji kutangaza kitu wala kuahidi kitu.

Jingine ni dogo. Bodi ya maji wanataka kuajiri mhandisi mmoja kijana anayeweza kuzungumza na wakazi. Nimeitwa kwenye usaili mwezi wa kumi na moja. Niombeeni, hata Mjomba asiyeomba.

Wako, Jorinde


Zelmerwaard, 3 Novemba 2013

Jorinde mwanangu,

Tumefurahi kukuona, ingawa umekonda na nywele hizo sitazisemea. Yule rafiki yako alichukua biskuti ya pili bila kukaribishwa. Berend mpaka leo anamwita Bwana Biskuti. Lakini ni kijana mzuri, alisafisha matope ya viatu vyake kabla ya kuingia.

Ulipomuuliza Berend anajisikiaje kuhusu mabadiliko ya mazingira yake, alinitazama mimi. Hajawahi kuulizwa anajisikiaje humu ndani. Aliyekaribia ni daktari wa mifugo, na alikuwa anamuulizia ng'ombe. Baadaye akaniambia, "Huyu mtoto wamemfundisha nini huko?" Lakini alifurahi. Alikwambia habari za mafuriko ya baba yake, ambazo mimi sijazisikia miaka ishirini.

Sasa la maana. Unajua desturi zetu. Mwenye habari mbaya anaisema mlangoni, koti likiwa bado mwilini, ndipo anapewa kahawa. Kaka yetu mkubwa alipokufa machimboni, tarishi alimwambia mama akiwa amesimama kwenye matope na kofia mkononi. Kahawa ilifuata. Hakuna mtu wa huku anayekunywa kahawa ya mtu huku amemfichia jambo. Wewe ulivua koti, ukanywa vikombe viwili, ukasifia mapazia. Ulipoondoka nikamwambia Berend, "Hamna kitu. Kingekuwepo angesema." Usiku huo alilala bila kukohoa.

Kwa hiyo nitawapigia De Linde wampe mtu mwingine chumba. Namaanisha nitapiga mwenyewe, kwa simu, uone jinsi nilivyokusudia. Nitawapigia mwisho wa mwezi. Kama kuna sababu ya kutopiga, niandikie upesi.

Shangazi yako, Truida


Rotterdam, 2 Desemba 2013

Kwako Shangazi Truida,

Natumaini hamjambo. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mitihani, halafu mafua, halafu maandalizi ya usaili. Baba anawasalimu.

Nashukuru kwa uwazi wako kuhusu chumba cha De Linde. Nimesikia wasiwasi wako na ninauheshimu. Kama unavyofahamu, uamuzi kuhusu tuta unapitia hatua zake, na pande zote zitapewa taarifa kwa wakati mmoja. Ni vyema kila mkazi apime mwenyewe kinachomfaa kulingana na hali yake.

Ziara yetu ilipata alama tisa kwa kumi. Bi. Verhoeff alisema Tjalling nami tuliwapa watu nafasi ya kusema. Nimewatumia herufi za chokoleti kwa ajili ya sikukuu ya Sinterklaas, T na B. Usaili nadhani ulikwenda vizuri.

Wako, Jorinde


Zelmerwaard, 8 Desemba 2013

Jorinde,

Chokoleti imefika, asante. Berend ameimaliza B yake na sasa anaitamani T yangu. Lakini shairi liko wapi? Tangu lini mtu wa ukoo wetu anatumiwa zawadi ya Sinterklaas bila shairi la kumsuta? Mwaka jana ulimwandikia Berend beti nzima juu ya soksi zake, akacheka mpaka akalia. Mwaka huu hamna hata mstari. Nikasema, labda mtihani.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikageuza bahasha nione kama imetoka bodi ya maji.

De Linde niliwapigia tarehe 29. Chumba wamepewa dada wawili mapacha kutoka ng'ambo ya mto. Mwanamke wa kwenye simu aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu ndiyo, mtoto wa kaka yangu anafanya kazi hiyo hiyo.

Huku kumeganda. Berend hatoki, anakaa karibu na jiko anatazama ndege kupitia dirishani na kuwasema vibaya.

Truida


Zelmerwaard, 17 Januari 2014

Jorinde,

Jana amekuja bwana wa bodi ya maji. Aliyasema mlangoni, koti mwilini, uso umemwiva. Tuta linapita nyuma ya ghala. Nyumba iwe tupu ifikapo mwisho wa Aprili. Nilimpa kahawa.

Berend alimuuliza mchoro ulichaguliwa lini. Bwana akasema mwanzoni mwa Oktoba, ila ulikuwa haujatangazwa, walioujua ni wao na wale wanafunzi.

Ulijua?

Truida


Rotterdam, 21 Januari 2014

Shangazi,

Nilijua.

Mchoro niliuona wiki mbili kabla ya kuja kwenu. Tuliambiwa tusiutaje mpaka utangazwe, na kwa wengine wote wa polda nilishika agizo hilo na sioni aibu. Lakini ninyi si wengine. Tangu getini nilikuwa nalo neno mdomoni. Ulipofungua mlango ulikuwa na unga mikononi, ukanikumbatia kwa viwiko. Nikasema, nikivua koti nitasema. Halafu Mjomba akanishika mkono akanipeleka kuona kitanda chake. Alinionyesha jinsi mbao zilivyoungana bila msumari. Nikasema, baada ya kahawa. Baada ya kahawa nikatoa karatasi ya maswali, maana nikiwa na maswali mkononi nilikuwa sihitaji kusema chochote. Nilikuwa naona kabisa kwamba unanielewa vibaya. Nikauliza habari ya mapazia.

Usimlaumu Bi. Verhoeff. Barua yako ya Novemba nilimwonyesha. Aliisoma akasema, "Hili si zoezi tena. Mjibu leo, mjibu kama shangazi yako." Niliandika kweli yote kwenye karatasi nikaichana. Nikaandika tena nikachana. Usaili ulikuwa wiki inayofuata, na niliogopa wakijua nimetoa siri nitakuwa nimekwisha kabla ya kuanza. Nilijiambia utasubiri barua yangu kwanza ndipo upige simu. Halafu nikachelewa makusudi, ili siku zipite zenyewe, uamuzi usiwe wangu. Nilipokuandikia tarehe 2 nilikuwa najua Novemba imeisha.

Nimepiga simu kila nyumba ya wazee kuanzia kwenu mpaka Deventer. Cha watu wawili hakuna. Naendelea kutafuta. Niambie nifanye nini, Shangazi. Nije?

Jorinde


Rotterdam, 16 Februari 2014

Shangazi,

Nimesubiri jibu. Baba anasema amezungumza nawe kwa simu na kwamba mko salama, ila hanitazami anaposema. Kazi nimepata. Sijawajibu.

Kama hutaki kuniandikia, andika tu "sitaki". Nitaelewa.

Jorinde


Rotterdam, 23 Machi 2014

Shangazi,

Barua yangu ya mwisho labda imepotea. Nawasalimu. Mjomba vipi?

Jorinde


Zelmen, 4 Mei 2014

Jorinde,

Barua hazikupotea. Zote zipo.

Tumehama. Mimi nimepangishiwa vyumba viwili juu ya duka la mikate hapa Zelmen. Ni pazuri na pana joto, na asubuhi panasikika harufu ya mkate. Lakini kuna ngazi kumi na nane, na Berend hawezi hata tatu. Kifua chake si vumbi, hakikuwa vumbi wakati wa kiangazi, na sikutaka mtu aseme. Hilo ni langu. Daktari alisema anahitaji mtu mchana na usiku, na chumba pekee kilichopatikana ni cha mtu mmoja, Deventer. Kitanda chake cha mbao hakikupita mlango wa kule nyumbani kutoka nje. Baba yako alikuja na msumeno akitaka kukikata. Berend akamwambia, "Kiache, Wessel. Kiache humo humo." Kikabaki jikoni.

Naenda Deventer kila siku kwa mabasi mawili. Nikifika ananiuliza nimefungia kuku. Kuku tuliuza. Namjibu nimefungia. Saa kumi na moja wageni tunaambiwa tuondoke, ili wagonjwa wale chakula. Miaka hamsini na moja sijawahi kula chakula cha jioni pasipo yeye, isipokuwa alipokuwa jeshini, na sasa nakula mkate na jibini nimesimama kando ya karai, kwa sababu nikikaa mezani nakiona kiti kingine.

Sikukuandikia kwa kuwa nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Usije kwangu kwanza. Kama unakuja, nenda kwake. Yeye hana hasira na wewe. Anauliza, "Yule mtoto wa maswali yuko wapi?"

Truida


Rotterdam, 13 Mei 2014

Shangazi,

Nilikwenda jana. Nilimkuta amelala, nikakaa. Alipoamka alinitambua mara moja. Akaniambia, "Basi uliza." Sikuwa na swali lolote. Nikamwambia kwamba nilijua habari ya tuta siku ile jikoni na sikumwambia, na kwamba kwa sababu yangu chumba chenu kilikwenda kwa watu wengine. Nilisema kwa sauti kubwa maana masikio yake yamezidi kuwa mazito, na mhudumu aliyekuwa anabadilisha shuka alisimama kunisikiliza. Nilitaka wote wasikie.

Halafu akasema, "Ungemwambia Truida." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nisingekubali kuhama. Lakini yeye angenishinda. Huwa ananishinda." Akashika kidole changu kimoja, akasinzia.

Bodi ya maji wanataka jibu langu kabla ya Juni. Kazi yenyewe ni hiyo hiyo, kwenda kwenye milango ya watu. Sijui kama ninastahili.

Jorinde


Zelmen, 9 Juni 2014

Jorinde,

Asante kwa kuja mazishini, na kwa kukaa safu ya nyuma bila kuambiwa. Baba yako alihutubia vizuri, ingawa alirefusha. Kahawa ilitosha na keki ilibaki. Nimeigawa.

Naulizwa na kila mtu anayepanda ngazi zangu ninaendeleaje. Nawaambia vizuri. Wewe nitakwambia kweli, maana kwako sitaki tena maneno laini, yatoke kwangu au yatoke kwako. Siendelei vizuri. Naamka nikiwa na hamu ya kumgombeza na hayupo. Jana nilinunua vipande viwili vya nyama.

Kazi ichukue. Kutokuichukua hakunirudishii kitu. Sijakusamehe bado, usinihimize. Nikikusamehe nitakwambia, sitakuacha ukisie. Na siku utakayosimama mlangoni kwa mwanamke mwenye unga mikononi, sema kabla hajakukumbatia. Akikufukuza, fukuzwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako sijamwambia. Berend alikufa Jumapili asubuhi. Jumapili mabasi ni machache, wewe unajua. Nilikuwa kituoni na mfuko wa stroberi alizozitaka, nikilaumu ratiba, na yeye alikuwa anakata roho. Nilipofika walikuwa wameshamfumba macho na kumchana nywele upande usio wake.

Yule mhudumu uliyemwona, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alinikalisha. Akasema hakuumia sana, na kwamba alikuwa amemshika mkono mpaka mwisho. Nikamuuliza kama alisema neno. Akasita. Nikamwambia, "Sema, mama, mimi si mtoto." Akasema, "Alikuwa anaita. Aliita 'Truida, Truida, upo?' Alidhani mimi ni wewe."

Nikamuuliza, "Ukamjibu nini?"

Akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe. Nilimwitikia. Nilimwambia nipo."

Shangazi yako, Truida